Umekunywa Chai?

Binti na baba yake walikuwa watu wa haya. Wakipigiana simu, mazungumzo yao yalikwisha kabla hayajaanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Haya."

"Haya, baba."

Baada ya hapo kila mmoja alisikiliza pumzi za mwenzake, akitafuta la kusema, mpaka mmoja wao akaikata simu kwa aibu. Lakini kwenye ujumbe wa kuandika walikuwa watu wengine kabisa. Huko baba alitania, aliuliza, alisimulia jinsi paka wa jirani alivyoiba nyama kisha akarudi kulala sebuleni kama mwenye nyumba. Huko binti alimwambia baba yake mambo ambayo asingeweza kuyatamka hata wakiwa wamekaa benchi moja.

Ilianza siku alipoondoka kwenda chuo cha ualimu. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, nyumbani walibaki wawili tu. Kwenye kituo cha basi waliagana huku wote wakilitazama begi. Basi halijatoka hata nje ya mji, simu ikalia mkobani. "Mwanangu, nimesahau kukuambia kwamba nitakukumbuka sana." Binti alilia mpaka mama mmoja aliyekaa naye kiti kimoja akampa leso bila kuuliza kitu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi akiwa kwenye foleni ya chai chuoni, binti aliandika, "Shikamoo baba." Na kabla kikombe hakijamfikia, jibu lilikuwa limefika: "Marahaba mwanangu. Umekunywa chai?" Maneno hayo hayakubadilika hata siku moja. Baba aliandika kila neno kwa ukamilifu, nukta mahali pake, alama ya kuuliza mahali pake. Kwake, salamu ya mtoto haikuwa kitu cha kuachwa hewani. Mtoto akikuamkia unaitikia, na unaitikia pale pale.

Binti alijua kwamba saa hizo baba yuko barabarani. Alikuwa dereva wa kampuni ya dobi iliyofua mashuka ya hospitali. Asubuhi alipeleka safi, akarudi na machafu. Wenzake walimwita Mzee Polepole, na mizaha juu yake ilikuwa haiishi. Ukitaka kufika mwakani, walisema, panda na Polepole. Walisema aliwahi kumpigia honi kobe, kobe akamjibu, "Nipishe, mzee, mimi nina haraka." Yeye alitabasamu tu. Hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni cha gari la mtu.

Likizo iliyopita binti alipanda naye. Gari lilinukia sabuni na wanga. Nyuma mashuka yalikuwa yamepangwa marobota marobota, kila shuka na muhuri wa buluu wa kampuni pembeni. Mlango wa nyuma kitasa chake kilikuwa kimelegea, na gari likitembea uligonga bila kupumzika, kwa-kwa-kwa-kwa, likisimama unanyamaza.

"Huyo ndiye kondakta wangu," baba alisema. "Akinyamaza najua tumefika."

Kando ya usukani kulikuwa na kishikio cha simu. Alikichonga mwenyewe kutoka kwenye kandambili kuukuu, simu ikakaa humo kama mtoto kwenye mbeleko. Walipofika kwenye mzunguko foleni ikawashika. Simu ikalia, meneja anauliza mzigo umefika wapi. Baba akaegemeza mkono mmoja kwenye usukani, akaanza kuandika kwa dole gumba, taratibu, herufi moja baada ya nyingine.

"Baba, barabarani?"

"Foleni hii, mwanangu? Konokono anatupita. Nani aliwahi kufa kwenye foleni?"

Wakacheka wote wawili. Binti akatazama nje. Kwenye kila gari la mstari wa pili dereva alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kifuani, mikono pajani. Mtu asiyejua angedhani barabara nzima imesimama kuomba dua.

Siku moja, likizo ikiwa imekwisha, binti aliandika salamu yake kama kawaida. Jibu likachelewa kidogo. Alichukua kikombe, akatafuta mahali pa kukaa, ndipo simu ikalia.

"Marahaba mwanangu. Umek"

Ujumbe ulikuwa umeishia hapo. Alicheka peke yake hadi wenzake wa meza moja wakamtazama. Akaandika, "Umek ndiyo nini, baba? Leo umeninyima chai hata ya maandishi?" Akaweka na kikatuni kinachotoa machozi kwa kicheko, akaingia darasani.

Shangazi yake hakuwa mtu wa kupiga simu mchana. Alikuwa na duka la vyombo, na mchana kwake ulikuwa wa wateja. Kwa hiyo binti alipoona jina lake kwenye kioo alitoka nje ya darasa bila kuomba ruhusa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa chini."

"Nimekaa," alidanganya, mgongo ukutani.

"Baba yako mzima. Nalisema hilo kwanza. Mzima, hana hata mchubuko. Ila leo asubuhi amegonga mtu."

"Mtu gani?"

"Binti wa watu. Msichana tu, kama wewe." Shangazi akashusha sauti. "Amefariki, mwanangu. Njoo nyumbani. Kaka yangu hasemi. Tangu alipotolewa polisi hajatoa neno."

Ndani ya basi alifungua ujumbe ule. "Umek." Chini yake kikatuni chake kilikuwa bado kinacheka. Alitaka kukifuta, lakini alama mbili za buluu zilikuwa zimekwisha kutokea. Mtu alikuwa ameusoma. Alipiga hesabu ya saa ya ujumbe na saa ya ajali, akapiga tena akitumaini kwamba amekosea, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya mapaja na kutazama mashamba yakipita mpaka yakawa maji machoni.

Alimkuta baba sebuleni, viatu vya kazi miguuni, kofia ya kampuni mkononi. Alimwamkia. Baba akaitikia kwa kichwa. Shangazi akamvuta binti jikoni, akaanza kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

"Tushukuru wamemwachia kwa dhamana. Meneja mwenyewe alikwenda kituoni. Akawaambia, huyu mnamjua? Huyu ni Polepole! Huyu hata inzi anampisha. Na askari mmoja wa barabarani akasema anamjua sana, siku moja alitaka kumkamata kwa kosa la kwenda taratibu." Shangazi alicheka kidogo, akajifuta macho kwa kiwiko. "Yule mtoto alikuwa anachezea simu. Imekutwa ng'ambo ya barabara, kioo kimepasuka. Vijana wa siku hizi, macho kwenye simu, miguu barabarani."

"Nani alimwona akichezea simu?"

"Si nimekwambia imekutwa?"

"Lakini nani alimwona, shangazi?"

"Wewe nawe! Umekwenda kusomea ualimu au uhakimu?"

Hakuna aliyemwona. Mambo hayo binti aliyapata vipande vipande, kwa majirani waliokuja kutoa pole. Mtaa ulikuwa umejaa magari, na askari aliwauliza madereva mmoja mmoja. Wote walisikia kishindo. "Niliinua macho nikakuta keshalala," alisema wa kwanza. "Mimi niliinua macho watu wanakimbia," akasema wa pili. Kila mmoja aliinua macho, na askari hakumuuliza yeyote aliyainua kutoka wapi. Picha walizompiga msichana akiwa chini zilikuwa nyingi. Picha ya kabla hajaanguka hakuwa nayo mtu.

Ni baba aliyefungua mlango wa nyuma, akalivunja robota la mashuka safi na kumfunika. Gari dogo la mizigo likamchukua. Kwa hiyo msichana alifika hospitali ndani ya mashuka ambayo yangefika hapo asubuhi ile hata kama angekuwa hai, yenye muhuri wa buluu, na wauguzi waliyapokea kama walivyoyapokea kila siku.

Asubuhi iliyofuata binti alimkuta baba uani, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anaosha viatu vilivyokuwa safi.

"Baba."

"Naam."

"Ulikuwa unanijibu mimi."

Baba akafunga bomba. Matone yaliendelea kudondoka kwenye sinki la saruji.

"Umeifuta?"

"Ipi?"

"Ile meseji."

"Bado."

"Ifute, mwanangu."

Binti akachuchumaa mbele yake. Akashika kiatu cha pili na kuanza kukifuta. Labda ni kwa sababu hawakuwa wakitazamana ndiyo maana baba aliweza kusema. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasikia kinywani mwake.

"Foleni ilikuwa imesimama. Nikaona salamu yako. Nikasema ngoja nimwitikie mtoto kabla hatujasogea. Nikaanza kuandika. Wa mbele wakasogea, sikuona. Pakabaki peupe mbele yangu. Yule mtoto alikuwa ukingoni mwa barabara. Akaona nimesimama, akaona mbele yangu hakuna gari. Akadhani namwachia apite." Baba akakiangalia kiatu. "Wa nyuma akanipigia honi, ile honi ya matusi. Macho yangu bado yako kwenye neno. Nikakanyaga mafuta, nikaituma hivyo hivyo."

"Hakuwa anatazama simu?"

"Simu ilikuwa mkononi tu. Alikuwa ananitazama mimi. Nilipoinua uso alikuwa ameinua mkono. Hivi." Baba akanyanyua mkono wake wa kulia kidogo, kiganja wazi, kama watu wanavyofanya dereva akiwapisha. "Alikuwa ananishukuru."

Paka wa jirani akapita juu ya ukuta. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtania.

"Basi tuseme, baba," binti alisema hatimaye. "Mama yake anaambiwa mtoto wake alijiua mwenyewe."

"Najua."

"Tuseme."

"Wataniuliza nilikuwa namwandikia nani." Akamtazama sasa. "Siogopi jela. Naogopa siku yule mama atakapokutazama wewe."

Binti hakujua kama hiyo ndiyo kweli yote. Huenda na jela aliiogopa, nani asiyeiogopa. Lakini macho ya baba yalikuwa mekundu, na yeye hakuwa na moyo wa kumpekua.

"Akinitazama nitavumilia," alisema.

"Hujui unachosema."

"Nitavumilia, baba."

Baba akavaa viatu vikiwa bado vibichi. "Tutakwenda kuwapa pole. Nikiuona uso wake nitasema. Nakuahidi."

Binti akamwamini. Alimwamini kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kuahidi hovyo, na kwa sababu siku zote mbili zilizofuata alimsikia chumbani akijaribu maneno kwa sauti ya chini, "Mama, mimi… Mama, ukweli ni kwamba…" akirudia mwanzo kama mtoto anayekariri shairi na kukwama pale pale. Siku ya kwanza alipita kwenye pipa la taka uani akaona kandambili iliyochongwa imetupwa juu ya maganda ya vitunguu. Moyo wake ulipata nafasi ya kupumua.

Mama wa msichana alikuwa fundi cherehani. Walifanya kazi pamoja, mama na mwana, kwenye kibaraza kinachoitazama barabara, cherehani mbili ubavu kwa ubavu. Asubuhi ya ajali alikuwa amemtuma ng'ambo kununua zipu ya sare ya shule. Binti aliyajua yote hayo kabla ya kuingia, ila hakuwa amejiandaa kuiona cherehani ya pili. Walikuwa wameiingiza ndani kwa ajili ya msiba. Sketi ya buluu ilikuwa bado chini ya sindano, upande mmoja umeshonwa, upande mmoja wazi, ukingojea zipu.

Waliingia watatu, baba, shangazi na binti. Wanawake waliokuwa mkekani wakasogea. Shangazi akasema yanayosemwa, kwa sauti ya chini ambayo binti hakujua kama anayo. Mama wa marehemu aliwasikiliza wote, kanga kichwani, vidole vikipapasa nyuzi zilizobaki kwenye gauni lake. Kisha akamgeukia baba.

"Kaka," alisema, "mimi ndiye niliyetaka kuja kwenu. Miguu tu imekataa."

Baba akainua uso.

"Nimeambiwa huli, hulali. Nimeambiwa miaka yote hujamkwaruza mtu. Sasa mtoto wangu amekutia doa ukubwani. Tusamehe, kaka yangu. Utusamehe sana."

"Usiseme hivyo, mama," shangazi akaingilia.

"Niache niseme. Nilimkataza mara ngapi? Hata hapa kwenye cherehani alikuwa nayo pajani, nikamchapa mkono. Ananicheka. 'Mama, nina macho mawili, moja lako, moja la simu.' Huyo ndiye mwanangu." Akapiga goti lake kwa kiganja, si kwa nguvu. "Sasa kila nikitaka kumlilia, hasira inatangulia. Nimemzika nimemkasirikia. Wenzangu wanalia, mimi nagombana naye. Naamka namgombeza. Nitagombana naye mpaka lini?"

Mtoto mdogo aliyekuwa mlangoni akaondolewa. Binti alimtazama baba yake, na baba akajua anatazamwa.

"Mama," baba alisema.

Wote wakangoja. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka kidogo kutoka gotini, kiganja wazi, ukabaki hewani. Binti alimhimiza kimoyomoyo. Sema, baba. Sema tu, na anitazame mimi, nitavumilia. Mkono ukarudi gotini.

"Tumeshasamehe, mama," baba alisema.

Wanawake wakashusha pumzi. Mmoja akasema huyu ndiye mtu, wako wachache. Mama wa marehemu akainamisha kichwa, na hapo ndipo alipolia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyeondolewa deni, akishukuru, akimshukuru Mzee Polepole kwa utu wake.

Maneno yalikuwa kinywani mwa binti. Yalikuwa tayari, mafupi, yamepangika: hakuwa anatazama simu, mama, alikuwa anamshukuru baba. Alifungua midomo. Maisha yake yote sauti yake ilikuwa ikimkimbia mbele ya wageni, ikamkimbia na siku hiyo. Mkono wa shangazi, mzito na wa moto, ukatua juu ya goti lake ukabaki hapo. Akili yake, kwa kukosa pa kwenda, ilimwambia jambo moja la ajabu: kwamba angekuwa na namba ya yule mama, angeweza kumwandikia.

Nje, shangazi alitangulia. Baba na binti walitembea nyuma yake kando ya barabara hiyo hiyo.

"Nilitaka kusema," baba alisema.

Binti aliongeza hatua.

"Ulimwona alivyopata nafuu? Ningemwambia ingemsaidia nini? Mwana harudi."

"Angemlilia, baba."



Kesi iliisha haraka, kama mambo yanavyoisha yasipokuwa na mtu wa kuyashikilia. Familia ya marehemu yenyewe ilipeleka ujumbe polisi kwamba haina kinyongo na dereva. Askari waliandika kwamba mtembea kwa miguu aliingia barabarani bila uangalifu. Meneja akamrudishia baba funguo mbele ya madereva wenzake, na madereva wakapiga makofi. Mmoja akatania kwamba sasa Polepole atakwenda kinyumenyume kabisa, na watu wakacheka, kwa kuwa walimpenda.

Kwenye kituo cha basi binti na baba walilitazama begi. Basi lilipotoka nje ya mji, simu haikulia.

Chuoni alirudi kwenye foleni ya chai, mikono mifukoni. Hakuandika salamu. Alijiambia anafanya hivyo kwa usalama wa baba, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba hakujua tena neno "shikamoo" lianzie wapi mwilini. Kila asubuhi aliona mkono ule, kiganja wazi. Mara ulikuwa wa baba. Mara ulikuwa wa msichana ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai. Alianza kuacha chai. Darasani, mkufunzi alipofundisha jinsi ya kumfanya mtoto asiogope kusema ukweli, aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Simu ya baba ililala kimya wiki nzima, na nyingine. Kisha asubuhi moja, binti akiwa amesimama kwenye mstari kwa mazoea tu, kikombe kikavu mkononi, simu ikatetemeka.

"Hujambo mwanangu."

Akaganda. Baba hakuwahi kuanza. Mkubwa huamkiwa, na yeye aliyaheshimu mambo hayo. Kuanza kwake kulikuwa ni kupiga magoti. Binti akatazama saa kubwa ya ukutani ya jikoni. Ilikuwa ile saa ya mashuka safi, saa ya mzunguko.

Juu ya kioo, chini ya jina la baba, neno likatokea: anaandika.

Likapotea. Likatokea tena. Anaandika.

"Endelea mbele, dada," aliyekuwa nyuma yake alisema. Hakusogea. Alifikiria kumjibu, lakini akimjibu, baba atainama kusoma. Alifikiria kunyamaza, lakini akinyamaza, baba atainama tena na tena kuangalia kama amejibiwa. Alifikiria kuizima simu. Hata hilo baba angeinama kulitafuta.

"Nakuandikia nikiwa nimesimama pembeni. Usiwe na hofu."

Anaandika.

Akampigia. Hakujua vidole vyake vilipata wapi ujasiri. Ikaita mara moja tu, ikapokewa, na sauti ya baba ikaja karibu sana, yenye furaha ya mtu aliyekuwa gizani.

"Mwanangu!"

"Baba. Umesimama?"

"Nimesimama, mwanangu. Nimeegesha kabisa."

Kisha haya yao ya siku zote ikawaingia, na wote wakanyamaza, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake. Na ndani ya ukimya huo, nyuma ya pumzi za baba, binti akausikia ule mlango wa nyuma wa gari.

Kwa-kwa-kwa-kwa.

Aliufunika mdomo kwa mkono. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele ingemshtua mtu aliyeshika usukani. Alitaka kukata, lakini akikata, baba atainamisha kichwa kutazama kwa nini amekatiwa. Honi ililia mahali fulani huko, ile ya matusi.

"Mwanangu? Upo?"

"Nipo."

"Nilidhani umekata."

"Sijakata, baba." Machozi yalikuwa yakimwingia kinywani. Alitafuta kitu cha kumwambia kitakachomfanya ainue macho na kuyaacha huko mbele barabarani, akakuta hana, hana hata kimoja, isipokuwa kile walichokuwa nacho siku zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," baba alisema, na sauti ikamkatika kwa shukrani. "Umekunywa chai?"

Mlango haukunyamaza.